Pasipoti Iliyopotea Siku ya Sabato

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumapili, Shen Yulan alivuta sanduku lake la chuma kutoka uvunguni mwa kitanda, akainua kifuniko, na pasipoti haikuwamo. Alitoa kila kitu akakipanga sakafuni: vyeti vya shule, picha za nyumbani, pakiti tatu za chai ya kwao Fujian, soksi za baridi. Akavirudisha, akavitoa tena. Mara ya tatu aliketi chini akaegemea kitanda na kumpigia simu mwenye nyumba, Mama Janeffer, ambaye alikuwa jikoni kwake hatua kumi na tano kutoka pale.

Saa nne na dakika kumi Koplo Elmina Nyabate wa upelelezi, Litein, alikuwa amefika, daftari mkononi na matope ya barabara ya Roret kwenye viatu. Nyabate alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwenye ulimi mwepesi na macho yasiyo na haraka. Wazazi wake walihama kutoka Kisii kuja kuchuna chai kwenye shamba kubwa karibu na Kericho, naye alizaliwa na kukulia kwenye nyumba za wafanyakazi. Hata leo akiona majani ya chai yanayumba kwa upepo, wengine wakipiga picha, yeye alisikia mgongo ukimuuma.

"Pasipoti inaisha lini?" aliuliza.

"Baada ya wiki tano," Shen alisema. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na sita kati ya hiyo ameishi hapa, akiwafundisha wakulima wa kiwanda kidogo cha jirani kusokota chai kwa mikono. Kiswahili chake kilikuwa cha Litein kabisa. "Keshokutwa, Jumanne saa nne asubuhi, niko na miadi ubalozini Nairobi. Kuibadilisha."

"Ukienda bila ile ya zamani?"

"Inakuwa pasipoti iliyopotea. Lazima waulize kwetu kwanza, wahakikishe mimi ni nani. Hiyo ni kungoja sana."

"Na wewe huwezi kungoja."

Shen alitazama mlango, akashusha sauti. "Mama yangu alianguka mwezi uliopita. Upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Dada yangu anasema nisikawie."

"Mwenye nyumba anajua?"

"Hapana. Nilimwambia naenda kusalimia tu. Mtu amekupa nyumba, amekupa maziwa kila asubuhi, halafu umletee ugonjwa wa kwenu alie na wewe? Kwetu hatufanyi hivyo."

Nyabate aliandika, kisha akafuta. Mambo mengine hayana haja ya kukaa kwenye daftari la polisi.

Saa zilipangwa upesi. Ijumaa saa moja jioni Shen alitoa pasipoti akanakili namba kwenye programu ya simu, akairudisha sandukuni. Kuanzia hapo hakutoka chumbani kwa muda wa maana, isipokuwa Jumamosi. Picha aliyokuwa ametuma ubalozini ilikataliwa kwa sababu nywele zilifunika masikio, kwa hivyo ilibidi arudi studio Litein. Aliondoka saa nne na nusu, akarudi saa saba na robo. Mlango ulikuwa umefungwa kama alivyouacha.

"Ufunguo?"

"Naweka juu ya fremu ya mlango."

"Ala. Na nani anajua uko hapo?"

"Mama Janeffer. Benard wa boda boda, ambaye huniletea mitungi ya gesi. Na Ombati, alikuwa akija kuchukua funguo za kiwanda." Shen alisita. "Ombati nilimfukuza kazi mwezi uliopita. Aliacha moshi ukaingia chumba cha kukaushia, chai ya wiki nzima ikaharibika."

Nyabate alipiga magoti mbele ya sanduku. Lilikuwa kuukuu, rangi imebanduka yote, chuma kitupu. Kwenye ukingo wa kifuniko, mahali mtu angeshika ili ainue, palikuwa na alama tano nyeusi zenye ubluu, nne juu na moja chini. Ziliparazwa, hazikuwa na mistari ya vidole ya kusomeka.

"Hizi zilikuwapo Ijumaa?"

"Hapana. Ningeziona."

"Wewe umeshika majani mabichi Jumamosi?"

"Kiwanda kimefungwa tangu Alhamisi. Wanatengeneza mashine."

Nyabate hakuhitaji maabara. Kila mtoto wa chai anajua kwamba utomvu wa jani bichi ukigusa chuma huacha weusi kama wino. Lakini ni lazima uwe mbichi. Ule uliokauka vidoleni kesho yake unakaa kwenye ngozi tu na hauachi kitu. Basi aliyefungua sanduku hili alitoka kuchuna chai papo hapo, na alichuna Jumamosi.

Akasimama dirishani kunyoosha goti. Kutoka pale aliona geti la mbao na kipande cha barabara. Chai yote ya boma hilo ilikuwa nyuma, upande wa mtoni.

Mama Janeffer alikuwa hakwenda kanisani. Alimkaribisha Nyabate jikoni akamwekea kikombe kabla ya kumuuliza jina la ukoo. Alikuwa mjane wa miaka sitini na mitatu, mrefu, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa haraka. Kwenye kizingiti cha dirisha kulikuwa na maganda ya ndimu yaliyokamuliwa, matatu au manne.

"Huyu mtoto halii," alisema. "Afadhali angelia. Amekaa tu. Afande, utampatia hicho kitabu chake?"

"Nikisaidiwa nitampatia. Jana ulikuwa wapi, Mama, kati ya saa nne na saa saba?"

"Kitandani. Goti. Hata majani sikuchuna, na yamezidi kukomaa huko."

"Mchana kutwa?"

"Mchana kutwa. Niliamka kukamua jioni."

"Ulisikia mtu? Uliona mtu?"

Mwanamke alizungusha kikombe chake. "Niliona Ombati. Saa sita hivi. Alifungua geti akaingia, amevaa suti. Sikumuita."

"Mbona hukumwambia Shen?"

"Sikufikiria ni jambo."

Alipopokea kikombe kitupu vidole vyake viligusana na vya Nyabate. Vilikuwa vyeupe, visafi, ngozi imechubuka kidogo pembeni mwa kucha. Nyabate alishukuru kwa chai akaondoka.

Benard alipatikana saa nane mchana kwenye kituo cha boda boda Litein, amekaa juu ya pikipiki yake kama mtu aliyezaliwa nayo. Alikubali kwamba alimpeleka Shen studio, akamwacha, akapotea dakika hamsini.

"Ulienda wapi?"

"Kuziba pancha, afande."

"Kwa nani?"

Akamtaja fundi. Fundi, aliyekuwa ng'ambo ya barabara, alicheka hadi akashika tumbo. Pancha gani. Benard alikaa hapo dakika hamsini akimngoja msichana wa duka la dawa atoke kwa chakula cha mchana, na msichana akapitia mlango wa nyuma. Nyabate alimwomba Benard anyooshe mikono. Ilikuwa na grisi hadi kwenye viwiko, na sandukuni hakukuwa na hata tone la grisi.

"Kuhusu pasipoti, wewe ulisema nini kwa watu?"

Benard alikuna shingo. "Nilimwambia tu Mama Janeffer, Alhamisi, nikileta gesi. Kwamba huko ubalozini wanaikata ile ya zamani na makasi. Nilisoma kwa simu. Na ile karatasi ya kibali cha kazi cha Kenya si iko ndani ya hiyo hiyo? Nilisema ni kama huyu madam anaenda kukatwa na Kenya."

"Ulisoma yote au kichwa cha habari?"

"Kichwa," Benard alikiri.

Ombati alikuwa kibarua sasa, akichunia jirani mmoja njia ya Roret, na Nyabate alimkuta huko Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mkimya. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kiungo cha pili. Koplo alivitazama na moyo ukamshuka, maana alimpenda mtu huyo kabla hajafungua mdomo. Alifanana na mjomba wake.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Kanisani. Mimi ni Msabato, afande. Tangu asubuhi mpaka jua lizame."

"Mchana wote?"

"Wote."

"Kuna aliyekuona ukifungua geti la Mama Janeffer saa sita."

Ombati aliweka kikapu chini. Wachumaji wawili wa mstari wa pili waliacha kuongea ili wasikie vizuri.

"Twende kando," Nyabate alisema.

Kando, chini ya mti wa grevilia, Ombati alitoa Biblia ndogo kwenye mfuko wa koti na ndani yake bahasha. "Niliandika barua kumwomba madam kazi. Nilitoka kanisani katikati, kabla ya ibada ya mchana. Kufuatilia kazi siku ya Sabato. Wazee wa kanisa wakijua, nitasimamishwa mbele ya watu. Ndiyo maana nimekudanganya."

"Na mbona barua bado unayo?"

"Nilikuta mlango wa madam uko wazi kidogo, nikasikia mtu anatembea ndani. Nikajua yuko. Nikashikwa na aibu, nikarudi."

"Saa sita."

"Saa sita na dakika tano. Nilitazama saa kwa sababu niliogopa kuchelewa maombi."

Saa sita na dakika tano Shen alikuwa Litein ameketi kwenye kiti cha studio, nywele nyuma ya masikio. Nyabate alimrudishia Ombati bahasha yake. Yeye mwenyewe aliacha kanisa hilo mwaka alioingia polisi, kwa sababu wezi hawapumziki Jumamosi, lakini mafunzo ya mama yake yalikuwa bado mwilini. Nyumbani kwao, kila Ijumaa jua likikaribia kuzama, vikapu vyote vilikuwa vikitundikwa ukutani na kila mtu akioga. Mtu aliyeona aibu kupeleka barua siku ya Sabato asingeenda kuchuna chai asubuhi ya siku hiyo hiyo. Weusi wa vidole vyake ulikuwa wa Jumapili na wa Jumatatu.

Alienda hata hivyo kumuuliza mzee wa kanisa, kwa hila, bila kumtaja mtu. Asubuhi yote Ombati alikuwa benchi la tatu.

Saa tisa kasorobo alirudi kwa Mama Janeffer. Shen alikuwa uani akikunja nguo zile zile kwa mara ya nne, macho yamevimba. Basi la mwisho ambalo lingemfikisha Nairobi kwa wakati lilikuwa la saa kumi na moja.

"Mama," Nyabate alisema, "nionyeshe pale ulipokuwa umelala Jumamosi."

"Kwa nini?"

"Nionyeshe tu."

Janeffer alimwongoza chumba cha nyuma, bila kuchechemea. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, kichwa chake chini ya dirisha moja dogo. Nyabate aliketi ukingoni, akainama, akachungulia nje kwa muda.

"Namuona ng'ombe," alisema. "Namuona na ndama. Geti silioni, Mama."

Janeffer alinyoosha shuka ambayo haikuwa na mkunjo.

"Geti linaonekana kutoka dirisha moja tu boma hili, la Shen. Na wewe ulimwona Ombati akilifungua, ukasema hata nguo alizovaa. Tena ulikuwa umetoka kuchuna. Umeacha mkono wako kwenye sanduku, halafu ukasugua vidole na ndimu mpaka ukajichubua. Nimekulia kwa chai. Sijaona mtu aliyechuna chai miaka arobaini akiwa na vidole vya mwalimu."

"Ombati umemfunga?"

"Bado."

"Usimfunge. Hajafanya kitu." Mwanamke aliegemea kabati. "Uliniuliza kama nimeona mtu, nikasema ukweli kwa sababu niliogopa kusema uongo mwingi. Usiku mzima nimemfikiria yeye na watoto wake."

Alifungua kabati akashusha mkebe wa biskuti. Ndani, juu ya cheti cha ndoa, ilikuwa pasipoti nyekundu iliyofungwa kwa leso. Chini ya leso kulikuwa na kadi ya zamani ya mkulima wa chai, jina la mwanamume, pembe yake moja imekatwa.

"Mzee wangu alipokufa," Janeffer alisema, "niliambiwa nipeleke kadi yake ofisini wanipe ya jina langu. Mtu akachukua makasi akaikata mbele yangu. Akasema mpya inakuja. Ilichukua miezi kumi na minne, afande. Nikipeleka majani kituoni, karani anauliza namba. Ya zamani imekufa, mpya haijazaliwa. Nilikuwa nabeba kikapu nakirudisha nyumbani nampa ng'ombe. Mashemeji wakaanza kusema shamba halina mwenyewe. Nilisimama kwenye chai niliyopanda kwa mikono hii na sikuwa mtu." Akagusa pembe iliyokatwa. "Halafu Benard anakuja kuniambia huyu mtoto wanaenda kumkatia kitabu, na kibali chake kimo ndani. Nikasema hapana. Kikiwa kwangu hakitakatwa."

"Kikiisha muda je?"

"Sikufika huko kwa akili."

Nyabate aligeuza kadi upande wa pili. Alikuwa amehoji watu wengi, na alijua maelezo yakiwa yamebaki.

"Hiyo ni nusu, Mama."

Janeffer aliketi kando yake kitandani. "Sikutaka aende," alisema. "Watoto wangu wawili wako mbali, wananipigia Krismasi. Huyu ananiuliza kila asubuhi kama goti limelala. Nilijua akifika kwa mama yake hatarudi. Nani angerudi?"

Shen alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua kwa muda gani. Alipiga hatua tatu, akachukua pasipoti kutoka mkebeni, akaifungua ukurasa wa picha, akaifunga.

"Usiku kucha sijalala," alisema. "Mama yangu alianguka. Hawezi kuongea vizuri, mkono haunyanyuki. Nilikuwa nawaza atakufa na mimi niko hapa nageuza magodoro. Na wewe ulinisaidia kugeuza. Ulishika upande ule mwingine wa godoro, Mama."

Janeffer alifunika mdomo kwa kitambaa. "Mbona hukuniambia ni mgonjwa?"

"Na wewe mbona hukuniuliza kama narudi?"

Nje ndama alilia. Nyabate alifunga daftari, kisha akalifungua tena, kwa kuwa kazi ni kazi.

"Shen, wewe ndiwe mlalamikaji. Huu ni wizi, na mama amekubali. Ukitaka nimpeleke kituoni nitampeleka, na sitakulaumu."

Shen alimgeukia yule mwanamke mzee. Hasira ilikuwa bado iko usoni, hakuificha. "Basi langu ni la saa kumi na moja," alisema. "Sina muda wa kituo cha polisi."

"Mkono gani?" Janeffer aliuliza ghafla.

"Nini?"

"Wa mama yako. Mkono gani haunyanyuki?"

"Wa kulia."

"Kwa hivyo hawezi kushika kijiko." Akainuka. Alitoa koti lake la kanisani nyuma ya mlango, akalivaa juu ya gauni la jikoni. "Huendi peke yako. Wakitoa makasi nataka kuwa hapo. Nimeyaona hayo makasi kabla yako."

Shen alifungua mdomo kukataa, akaufunga. Nyabate aliwapeleka stendi kwa gari la polisi, wakafika zikibaki dakika tisa. Nyabate aliwaona wakipanda, Shen mbele, mama nyuma yake akiwa amebeba mfuko wa yule mdogo bila kuombwa.

Mengine alisimuliwa. Janeffer hakuruhusiwa kuingia ndani ya ubalozi, akasimama getini kwa muda wa saa mbili na nusu. Shen aliambiwa mpya itakuwa tayari baada ya siku kumi na tano za kazi. Na alipoenda kuichukua, pembe ya ile ya zamani ilikatwa kweli, lakini alirudishiwa mkononi, ukurasa wa kibali mzima. Ombati alifikisha barua yake akarudishwa kiwandani, chumba cha kukaushia, na akawa akikagua milango ya tanuri mara mbili mbili mpaka wenzake wakamchoka.

Wiki ya sita, Jumapili mchana, Nyabate alipita pale na karatasi ya kufunga jalada ili Janeffer atie sahihi. Alimkuta Janeffer jikoni, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, sauti ya Shen, ambaye alikuwa ameshafika kwao, ikitoka ndani yake. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na chumba chenye mwanga mweupe, na mwanamke mzee, nywele fupi za mvi, ameinuliwa kwa mito mitatu. Shen alikuwa kando yake na bakuli.

"Huyu ndiye?" Janeffer aliuliza.

"Huyu ndiye. Nimefika siku ya nane leo. Jana alisema jina langu."

Janeffer alivuta kiti karibu. Akarekebisha kitambaa cha kichwa, akaweka mikono yote miwili mezani, vidole vimeshakuwa vyeusi tena.

"Mama," alimwambia yule wa kwenye simu, taratibu, kama anayetoa ushahidi, "mimi naitwa Janeffer. Mimi ndiye niliyemficha mtoto wako. Siku mbili. Nilikuonea wivu wewe ambaye ni wako. Naomba unisamehe."

Shen hakutafsiri. Alikaa ameshika kijiko hewani. Mwanamke aliyeegemea mito alimtazama Janeffer, kichwa kimeinama upande mmoja, kisha mdomo wake ulianza kuhangaika. Maneno yalitoka kwa shida, machache. Shen aliinamisha sikio, akamfanya arudie.

"Amesema nini?" Janeffer aliuliza. "Niambie tu. Hata kama ni baya."

"Anauliza kama umekula."

Janeffer alianza kulia bila kujificha, machozi yakidondoka kwenye meza, na Nyabate aligeuka akajifanya anatafuta kalamu.

"Mwambie nimekula," Janeffer alisema, ingawa tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. "Mwambie nimeshiba."